Kuwatembeza wageni Mwanza kwa miguu, kuanzia mwaloni hadi sahani ya sato

Ukiwa na wageni wanaotaka kuuona mji wa Mwanza kwa miguu, usianze kupanga na Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani. Anza na chakula cha mchana. Amua mapema watakula nini, nani atapika, mtakaa mezani saa ngapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka saa ya kuamka. Mimi nilipika miaka tisa karibu na kivuko cha Kamanga kabla sijaanza kutembeza watu, na jikoni ndiko nilikojifunza kwamba mtu mwenye njaa hasikii historia, hata umsimulie vizuri namna gani.

Pamoja na kulijua hilo, kundi langu la kwanza kubwa nililikosea. Walikuwa walimu kumi na wawili kutoka Dodoma. Niliwazungusha mjini tangu saa 3 asubuhi, tukafika mezani saa 8 mchana, na hapo ndipo nikaagiza samaki. Sato wa kuchoma hana haraka. Mwalimu mmoja, baba mtu mzima mwenye kisukari, akaanza kutetemeka mikono kabla ugali haujaiva. Tulimpa soda, akatulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyenitia moyo. Lakini ile mikono yake juu ya kitambaa cha meza bado naiona. Tangu siku hiyo samaki wangu hununuliwa kabla mgeni hajaona jiwe hata moja.

Kabla hujataja tarehe, angalia mwezi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi hutoka na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanaufuata mwanga na wavuvi wanainua wavu. Mbalamwezi ikikolea, taa haina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wengi wanapaki mitumbwi na kupumzika mpaka giza lirudi. Ukimpeleka mgeni mwaloni, kwenye soko la dagaa, siku hizo atakuta magunia ya wiki iliyopita na watu wanaoshona nyavu. Hata hilo lina uzuri wake, ila mwambie mapema asije akitarajia kuona shehena ikishuka. Mimi nikipigiwa simu nauliza tarehe kwanza, halafu nafungua kalenda yenye alama za mwezi.

Idadi isizidi watu nane kwa mwongozaji mmoja. Wakizidi, tafuta mwenzako afunge nyuma, kwa sababu katikati ya mji kuna machinga, mikokoteni na bodaboda, na anayebaki nyuma hasikii unachosema wala haoni mlikokata kona. Waambie wavae viatu vya kufunga visivyoteleza, wabebe kofia, maji na noti ndogondogo. Waulize pia bila kuona haya: nani ana kisukari, nani presha, nani hali samaki, nani amefunga. Wakati wa Ramadhani mimi huanza saa 10 jioni na kumalizia na futari.

Halafu vyoo. Hili watu hulidharau, nami nakuomba usilidharau, hasa ukiwa na akina mama wazee au watoto. Pita njia yote wewe mwenyewe siku moja kabla, uhesabu vyoo safi, ujue bei na nani anashika ufunguo. Mimi nina vinne njiani, na wanaovitunza ninawasalimia hata siku ambazo sina mgeni.

Saa 1 asubuhi tunakutana Mwaloni, Kirumba. Wageni wengi huanzia kwenye Jiwe kwa sababu ya picha, lakini Jiwe linakungoja mpaka mchana. Samaki hakungoji. Kabla hatujaingia ninawafundisha neno moja la Kisukuma: mwangaluka. Ni salamu ya asubuhi, na jibu lake ni hilohilo. Ukimwendea mama aliyeketi na ndoo yake ukamwambia "mwangaluka, mayu", uso wake unafunguka, na hapo ndipo unaweza kuuliza habari ya biashara. Mgeni anayeanza kwa kuinua simu apige picha hapati mazungumzo, na mimi huwa namwomba airudishe mfukoni mpaka tumalize kusalimiana.

Mwaloni ni soko la dagaa na samaki wakavu kutoka visiwa na vijiji vya pande zote za ziwa. Magunia yanapangwa kama matofali, na harufu inakaa kwenye nguo mpaka jioni. Waambie wageni hivyo mapema ili wasivae nguo ya sherehe. Juu ya mapaa na pembeni ya maji wamesimama korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, wanasubiri mabaki. Sheria yangu hapo ni moja: ukisikia "njia, njia!" sogea pembeni kwanza, tazama baadaye. Kijana mwenye gunia begani hawezi kukukwepa.

Kisha tunanunua sato. Hapa usimnunulie mgeni, mwache achague mwenyewe, wewe umfundishe. Mwinue samaki umtazame jicho: liwe limejaa na lina mng'ao, kama bado linakutazama. Likiwa limebonyea na lina ukungu mweupe, mrudishe. Funua shavu kwa kidole gumba, uone matamvua. Yawe mekundu kama damu mbichi, yasiwe na rangi ya kahawia wala utelezi mzito. Mbonyeze ubavuni, nyama irudi yenyewe, shimo lisibaki. Magamba yawe yameshika. Mwisho mnuse: samaki mbichi ananuka maji ya ziwa. Na ukubwa una sheria yake, sato asiwe chini ya sentimita 25 na sangara asiwe chini ya sentimita 50. Mimi ninatembea na utepe wa fundi cherehani mfukoni na ninawapimia wageni palepale. Muuzaji mwaminifu hachukii. Kwa mtu mmoja mwenye njaa ya kutembea, sato wa nusu kilo anatosha na ugali wake.

Kila mgeni hula samaki aliyemchagua, na wengi hulifurahia hilo kuliko jambo lingine lolote la siku ile. Zamani niliwafunga uzi mkiani, uzi ukaungulia motoni. Siku hizi natumia kisu: mkato mmoja kwenye mkia ni wa kuchoma, mikato miwili ni wa mchemsho, na majina naandika kwenye karatasi kwa mpangilio wa ukubwa. Samaki wanaingia kwenye ndoo yenye barafu, ndoo inapanda bodaboda ninayemfahamu, inaelekea kwa mama anayetupikia. Samaki wametangulia, sisi tunafuata.

Kutoka Kirumba kwenda mjini mnaweza kutembea kwa kufuata Barabara ya Makongoro. Kama kuna wazee, pandeni daladala, nguvu zao ni za kutumika mbele. Mkifika mjini kunyweni chai. Chapati moja au vitumbua viwili, basi. Ukiwaachia supu na ndizi hapo, sato wako atabaki sahani nzima.

Makoroboi usipite haraka. Ni mahali penye mawe makubwa katikati ya mji, na chini ya mawe hayo mafundi wanafua vyuma chakavu na mabati kutwa nzima. Jirani yao kuna hekalu la Wahindu, na siku za ibada kengele na nyundo husikika kwa pamoja. Jina limetokana na koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ya taa iliyotulea wengi wetu. Mtafute fundi mmoja, omba mkae dakika ishirini, na mlipe kwa muda wake au nunueni kitu. Mimi ninamwendea mzee mmoja ambaye bado anatengeneza koroboi akiombwa. Anachukua kopo tupu, analikata kwa mkasi wa bati, analinyoosha juu ya kipande cha reli kwa nyundo ya mbao ili lisipate alama. Analizungusha kwenye bomba mpaka linakuwa duara, anakunja kingo mbili zishikane kama vidole, anagonga pindo hilo taratibu huku akiligeuza, halafu analehemu. Kifuniko kina kijimrija cha kupitisha utambi. Akimaliza anaimwagia maji ndani na kuishika juu ya kiganja, anasubiri. Kiganja kikibaki kikavu, taa imepona. Wageni huwa wanakaa kimya dakika hiyo ya kusubiri bila kuambiwa na mtu. Usiseme neno. Waache.

Siku hizi umeme na sola vimeondoa koroboi kwenye nyumba nyingi, na mafundi wale wanatengeneza zaidi majiko ya mkaa, mabeseni, vikaango na masanduku. Kikaango kimoja cha pale nimekitumia mwaka wa saba.

Kwenye mnara wa saa nampigia mama wa jikoni simu ya kwanza: "Washa makaa." Ni hapa tunapozungumza habari ya Speke. Mwingereza huyo alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akitokea Tabora, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake na kuamini kwamba ndilo chanzo cha Nile. Mimi naanza na waliokuwepo. Wasukuma walikuwa wanaliita nyanza, maana yake ziwa, na jina la mji wetu limetoka humo. Tena Speke hakuja peke yake. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao aliyewahi kuuzwa utumwani na kufikishwa India, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Bila Bombay safari hiyo ingekwama njiani. Wageni wengi wa kutoka Dar es Salaam hawajawahi kulisikia jina hilo, na nikilitaja kuna wanaotoa kalamu.

Ukiwa hapo wageuze watazame vilima. Kimojawapo kinaitwa kilima cha Robert Koch, kwa jina la daktari Mjerumani aliyetambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na juu yake kuna jumba la kale la Wajerumani. Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892, Waingereza wakauteka mji Julai 1916. Inatosha. Ukiongeza tarehe ya nne utaona macho yanahamia kwa muuza miwa.

Bandarini usipige picha bila ruhusa, wala usiruhusu mgeni apige. Simameni mahali panapoonekana maji na reli kwa pamoja, kwa sababu mji huu uliwekwa na vitu hivyo viwili. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, pamba ya Usukuma ilipanda meli mpaka Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901. Waulize wageni wafikirie mkulima wa Kwimba au Magu ambaye marobota yake yalizunguka ziwa ndipo yaione bahari. Pamba hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wakulima waungane. Paul Bomani na wenzake walijenga ushirika wao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya kanda nzima. Baba yangu alikuwa na kadi ya ushirika, na jina la Bomani alilitamka kama la ndugu.

Kuhusu meli, ielezee Victoria. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilikaa miaka kadhaa ikiwa mbovu, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Ndiyo inayokwenda Bukoba kupitia Kemondo, na kama wageni wako wana siku ya ziada, usiku mmoja ndani yake utawafundisha ukubwa wa ziwa kuliko mimi na wewe. Kilomita za mraba zaidi ya 68,000 ni namba tu mpaka ulale na kuamka bado uko majini.

Na MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Wengi walizikwa Igoma. Hili usilifanye hadithi ya matembezi. Kabla hujafungua mdomo, uliza taratibu kama kuna mwenye asili ya Kagera, mkoa wenye mji wa Bukoba, kwenye kundi. Niliwahi kuongoza dada mmoja wa makamo ambaye asubuhi nzima alikuwa anacheka na kila mtu. Tulipofika pale ukingoni alisogea mbele yetu hatua tano, akakunja mikono kifuani, akatazama maji. Shangazi yake hakupatikana. Hakuniambia pale, aliniambia wakati wa kunawa mikono. Tangu hapo nikifika mahali hapo nataja jina la meli, tarehe na Igoma, halafu tunasimama kimya kadiri watu wanavyohitaji. Anayetaka kwenda kwenye makaburi nampeleka siku nyingine, kwa gari, bila kundi.

Mkiondoka bandarini piga simu ya pili: "Weka samaki." Polepole mnafuata ukingo kuelekea Kamanga. Kama kivuko cha Sengerema kiko njiani kuingia, ngojeni kishushe. Wanashuka watu na pikipiki, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, magari, na kuku waliofungwa miguu.

Jiwe la Bismarck liko hapo karibu, limesimama juu ya mawe mengine majini kama mtu aliyeinuka kutazama nani anakuja. Jina ni la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Jiwe lenyewe ni la zamani kuliko majina yote. Mawe haya ya matale yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mvua na jua ndivyo vilivyokula udongo ulioyafunika mpaka yakabaki wazi, moja juu ya lingine. Wape watu dakika kumi za picha. Waonyeshe mijusi wa pale, wa kichwa chekundu na mwili wa buluu. Watoto wasiingie kwenye maji ya ukingoni, kichocho kipo, na mawe yaliyolowa yanateleza vibaya. Simu ya tatu: "Songa ugali."

Watakuuliza kuhusu kisiwa cha Saanane na Daraja la Kigongo–Busisi. Vyote vinafaa, lakini visiingizwe humu. Saanane, yenye pimbi na swala wake, inahitaji boti na nusu siku. Daraja, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 19, 2025, liko nje ya mji kwenye njia ya Geita.

Saa 6 na nusu muwe mmekaa kivulini. Maji ya kunawa yaje kabla ya soda, na mdogo kuliko wote ashike birika awamwagie wakubwa. Mimi huwa namwomba mtoto wa mgeni afanye hivyo, na mara nyingi mama yake ndiye anayefurahi zaidi. Samaki wa kuchoma apakwe limao, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, basi. Ukimzidishia viungo utakuwa umeificha kazi yote ya asubuhi. Wa mchemsho awe na nyanya, kitunguu, karoti na ndizi mbichi, supu yake iwe nyepesi. Huyo ni wa wazee na wa mwenye tumbo bovu. Weka ugali wa aina mbili, wa dona na wa muhogo. Mboga iwe mgagani, pilipili ikae kando. Asiyekula samaki mpikie michembe na karanga, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vikavu, chakula kilichotuvusha miaka ya njaa. Usimpe chipsi. Naye amekuja kula Mwanza.

Mama wa jikoni mlipe nusu asubuhi na nusu kabla wageni hawajainuka, na mtambulishe kwa jina mbele ya meza. Yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wewe.

Watu wakiwa wanachambua miiba, waeleze wanachokula. Sato na sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950. Wenyeji walikuwa ngege, na furu wadogo wa mamia ya aina ambao wengi wamepotea tangu sangara atawale. Sangara ndiye aliyeleta viwanda vya minofu na ndege za kwenda Ulaya. Bibi yangu mpaka anafariki alisema ladha ya ziwa ilikuwa furu, na mimi nimeionja mara chache tu nikiwa mtoto, kwa hiyo nikifika hapo sauti hubadilika kidogo. Siifichi.

Anayetaka dagaa wa kubeba asinunue asubuhi akatembea nao. Mwambie muuzaji wa Mwaloni awaweke, bodaboda aliyeleta sato awalete saa 8. Chagua waliokaushwa juu ya chanja au nyavu. Chukua mmoja umtafune. Ukisikia mchanga kwenye meno walianikwa chini. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi kwanza, kisha kwenye ndoo yenye kifuniko, uzungushe selotepu mara mbili, na ndoo ikae kwenye buti la basi, mbali na begi la nguo.